Muulize Fundi wa Baiskeli: Naogopa kushuka hadi mtoni

SWALI: Hujambo Fundi? Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, naishi Zimmerman. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mlimani ya mtumba, magurudumu ya inchi 29, breki za diski za waya. Jumamosi huwa tunaingia msitu wa Karura na akina dada wa kanisani kwetu kupitia lango la Kiambu Road. Kwenye tambarare ninawaacha wote. Lakini njia ikianza kuteremka kuelekea mtoni, mwili unakufa ganzi. Nikishika breki ya kulia, gurudumu la nyuma linaserereka pembeni, basi nashuka na kuisukuma hadi darajani. Nikianza kupanda ng'ambo, cheni nayo inaruka na kugonga. Sasa wenzangu wamepanga kwenda msitu wa Kereita, na mume wangu ananiambia nibaki kwenye lami. Niende? (Mama Wawili, Zimmerman)

JIBU: Dada yangu, kabla hatujafika kwenye woga, tuuangalie huo mkono wako wa kulia.

Baiskeli tulizokulia hapa Kenya, zile nyeusi za kubebea maziwa na magunia, zilifuata mtindo wa Uingereza: mkono wa kulia unafunga gurudumu la mbele. Mtumba wa siku hizi unatoka kila pembe ya dunia. Iliyotoka Uingereza au Japani kwa kawaida huja hivyo hivyo. Iliyotoka Ujerumani, Uholanzi au Marekani huja kinyume, kulia ni nyuma na kushoto ni mbele. Kwa ulivyoeleza, yako ni ya kundi hili la pili. Unashika kulia ukitegemea baiskeli isimame, kumbe unafunga gurudumu la nyuma peke yake. Na ukiwa mteremkoni uzito wako wote umeegemea mbele, la nyuma limebaki jepesi, halina nguvu ya kung'ang'ania udongo. Lazima liserereke. Woga wako una sababu, na sababu yenyewe inarekebishika.

Hakikisha kwanza. Inua usukani, zungusha gurudumu la mbele, ushike breki moja moja uone ipi inalisimamisha. Ukipenda kulia kuwe mbele, fundi yeyote makini atahamisha waya hizo kwa muda mfupi. Kama zingekuwa breki za mafuta ningekwambia utafute fundi anayejua kuzitoa hewa, maana nyingi nimeletewa zimeharibiwa na mtu aliyetaka kubahatisha.

Baada ya hapo tafuta uwanja wenye nyasi na mteremko kidogo. Simama juu ya pedeli, zikiwa sawasawa, ya kushoto isiwe chini kuliko ya kulia. Kunja magoti na viwiko, sukuma makalio nyuma, na kiti ukishushe mapema kisikuzuie. Kidole kimoja au viwili kwa kila breki, zote mbili pamoja, ukikaza polepole kama unayekamua chungwa. Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Watu wengi wameambiwa tangu utotoni kwamba itawapindua, nami naona uvumi huo umeangusha waendeshaji wengi kuliko breki yenyewe. Anayepinduka ni yule anayeivuta ghafla huku kifua kikiwa juu ya usukani.

Sasa rudi Karura, lakini uisome ardhi kwanza. Mito yetu hii, Karura, Ruaka, Gitathuru na mingineyo, inatoka nyanda za juu upande wa Limuru na Kikuyu, inateremka kuelekea mashariki hadi kuingia mto Nairobi na baadaye Athi. Kwa hiyo migongo ya ardhi na mabonde yake yamelala sambamba, yote yakielekea upande mmoja. Ukifuata mgongo unakwenda karibu tambarare. Ukiukata, unashuka mtoni na kupanda, unashuka tena na kupanda. Chagua njia za mgongoni upashe mwili moto, halafu uteremke bonde moja tu. Urudi juu, uteremke lile lile tena. Bonde ambalo umeshalijua kila mzizi wake halikutishi.

Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Hilo pekee lingewaokoa nusu ya wanaoniletea usukani uliopinda. Ukishaingia kwenye kona, legeza breki na utazame pale unapotaka kutokea. Ukiukodolea mti, utaufuata mti. Mizizi uikate moja kwa moja, si kwa mshazari, bila kushika breki ukiwa juu yake. Daraja la mbao likiwa na unyevu ni hivyo hivyo: mwendo umeshaupunguza, usukani umenyooka, vidole vimetulia. Zile ngazi za kwenda kwenye maporomoko ni za watu wa miguu, usiende nazo.

Upepo wa tairi nao unachangia. Wajazaji wa barabarani hulijaza tairi hadi liwe jiwe, kwa sababu kwenye lami linakimbia vizuri. Msituni tairi kama hilo linarukaruka juu ya mizizi badala ya kuikumbatia. Kwa tairi pana la inchi 29 lenye tyubu, na mtu wa kilo 65 au 70, anza na presha 30 hivi, nyuma iwe juu kidogo kuliko mbele. Usishuke sana chini ya hapo, tyubu itabanwa na rimu na kupata pancha.

Kuhusu cheni: usibadilishe gia ukiwa tayari umekanyaga kwa nguvu mlimani. Badilisha ukiwa bado darajani, miguu ikiwa myepesi. Kisha pima cheni kwa futi ya chuma. Pini 25 mfululizo, kuanzia katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho, ni inchi 12 kamili kwa cheni mpya. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, nunua nyingine. Ikifika 1/8, meno ya nyuma nayo yameliwa na cheni mpya itaendelea kuruka juu yake, kwa hiyo vibadilishe vyote. Na tafadhali, usimruhusu mtu aipake cheni oili chafu ya injini. Inashika vumbi la udongo mwekundu na kugeuka msasa. Afadhali hata mafuta ya cherehani, na uipanguse kila mara cheni ikikauka.

Jambo moja nakuomba kwa moyo wote. Mvua kubwa ikinyesha Ijumaa, Jumamosi msiingie kwenye vijia. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza na kunata, na kila gurudumu linachora mfereji. Mvua inayofuata inapita kwenye mfereji ule ule, unakuwa korongo, na udongo wote unaishia mtoni. Na msitu huu ulipiganiwa: Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kupigwa hapo Karura kwa sababu ya kwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imenyakuliwa. Alijeruhiwa kichwani. Nikiona vijana wakichimba matope kwa magurudumu kwa ajili ya picha tu, roho huniuma. Subirini ikauke.

Kereita nenda, lakini baada ya kushuka bonde lako la Karura bila kutia mguu chini. Msitu ule uko juu ya Kimende, barabara ya Naivasha, kwenye ncha ya kusini ya milima ya Aberdare. Ni juu zaidi kuliko Karura, kwa hiyo pumzi itakata mapema. Kuna baridi na ukungu, na vijia hukawia kukauka. Januari na Februari ndiyo miezi yangu. Beba jaketi, tyubu ya akiba, pampu na maji, na mwombe anayeijua njia atangulie. Shemeji mwambie kwa heshima kwamba lami ya Nairobi, pamoja na malori na matatu zake, ndiyo inayonitia hofu mimi.

SWALI: Fundi, nataka kupanda Ngong Hills kwa baiskeli asubuhi peke yangu. Ni sawa? (Kijana wa Rongai)

JIBU: Peke yako, hapana. Tafuta wenzako wawili au watatu, na pale langoni muulize askari wa msitu wa KFS (shirika la serikali la misitu Kenya) kuhusu kusindikizwa. Mgongo wa vilima vile uko wazi, karibu mita 2,460 pale juu kabisa, na upepo wake unaozungusha ile mitambo ya umeme unaweza kukusukuma nje ya njia. Shika usukani kwa mikono miwili, na ukiupata upepo wa ubavuni, shuka utembee hadi utulie.