Mama asiuze shamba kwanza

Pole na msiba wa baba, mdogo wangu. Nimekuelewa: umepata nafasi MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), mama huko Tukuyu anataka kuuza shamba la migomba alipe ada, na wewe unaogopa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa sababu ya makato ya baadaye.

Asiuze. Mimi nilisoma kwa mkopo. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara, na inauma, sikufichi. Ila ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa inavimbisha deni kila mwaka, ilifutwa 2021. Shamba likishauzwa halirudi.

Kinachoangusha wengi ni karatasi. Cheti chako cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba vihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, maana kufiwa na mzazi ndiyo hoja yako kubwa. Majina yafanane herufi kwa herufi na cheti cha kidato cha nne. Langu liliongezwa "h" moja tu, nikasota wiki tatu! Yakitofautiana, muone wakili kabla hujatuma. Tafuta na mdhamini sasa hivi, wajomba huwa wanakwepa dakika za mwisho. Na jaza maombi ya mkopo mwenyewe: anayekuahidi "kukupitisha" kwa hela ni tapeli, usimpe nywila.

Ukikosa, au ukipata kidogo, kata rufaa dirisha likifunguliwa. Fedha pia huweza kuchelewa, kwa hiyo mama aanze kuweka pembeni hela ya mikungu kwa ajili ya chumba na chakula cha wiki za mwanzo.