Kwa mlezi mpya wa viongozi wa vikundi vya vijana

Siku yako ya kwanza kwenye kikundi watakuwekea kiti meza kuu. Kataa kwa upole, ukae benchi la nyuma. Mtaani watu wamezoea mlezi awe diwani au mfanyabiashara anayekuja na bahasha, akaahidi jezi na mpira, akapigiwa makofi na kuondoka. Wewe hukuja kwa hilo, na ni heri walijue mapema hata kama nyuso zitashuka kidogo. Nauli yako jilipie mwenyewe. Soda wakikupa, kunywa.

Wanaokuhusu zaidi ni viongozi watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wengi ni vijana wa miaka ishirini na kitu, mchana yuko kijiweni na bodaboda au anakaanga chipsi, na hakuna aliyewahi kumwonyesha jinsi kikao kinavyoendeshwa. Kazi yako na mwenyekiti ifanyike kabla ya kikao na baada yake. Mpitie jana yake, muulize ajenda ni zipi, nani atakuja na hasira, na wanataka waondoke na uamuzi gani. Kikao kikianza, nyamaza. Hata akiruka yatokanayo na kikao kilichopita, nyamaza. Ukimsahihisha mbele ya wanachama mara moja tu, kikao kijacho kila akimaliza kusema watageuka kukutazama wewe, na kuanzia hapo kikundi kina wenyeviti wawili.

Katibu ana tatizo lake. Fungua daftari lake utakuta nusu ukurasa unaeleza jinsi mwenyekiti alivyofungua kikao na kuwashukuru wajumbe kwa kufika, kisha uamuzi wa kununua vifaranga umepewa mstari mmoja. Mwombe aandike vitu vichache tu: tarehe, waliofika, kilichoamuliwa, nani atakitekeleza na lini. Baada ya vikao viwili vitatu atazoea.

Kwenye fedha ndipo vikundi vingi hufia, kwa hiyo hapo usiwe na haraka. Kama wanaweka akiba kwenye sanduku, utaratibu wa kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti ni mzuri, ila uliza watu hao ni nani. Nimeona funguo mbili zikilala nyumba moja, kwa kaka na dada. Siku hizi michango mingi inapita kwenye simu, na mara nyingi inaingia kwenye laini binafsi ya mweka hazina. Hapo hakuna haja ya kumshuku mtu ndipo uone hatari. Laini hiyo ikiwa na deni la mkopo wa simu, mchango ukiingia unakatwa deni kwanza, na mweka hazina atashinda wiki nzima akitafuta jinsi ya kuirudisha hela hiyo kabla hajaulizwa. Ataanza kukwepa vikao. Watasema amekula hela. Wahimize wafungue akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, na wewe usikubali kuwa mmoja wao, hata wakikubembeleza kwamba wanakuamini kuliko wanavyoaminiana. Kauli hiyo ikitoka, ifanye ajenda ya mazungumzo yenu.

Kisha kuna mkopo wa halmashauri. Hapa Tanzania, kisheria halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na iliporejea, vikundi vilichipuka kila kona. Vingine vimeundwa kwa ajili ya fomu tu. Siku fedha zikiingia wanagawana, siku ya marejesho hawapokei simu. Ukiombwa kulea kikundi cha namna hiyo, binafsi ningekataa.

Kikundi kilicho hai kitakuomba uwaandikie andiko la mradi la kuombea mkopo huo kwa sababu wewe umesoma. Usiwaandikie. Kaeni na kikokotoo, mwenyekiti ashike kalamu: kifaranga ni bei gani, mfuko wa chakula unakwisha kwa siku ngapi, kuku wangapi watakufa, nani atanunua waliobaki na kwa bei gani. Andiko litatoka baya kidogo kwa lugha. Lakini afisa maendeleo ya jamii wa kata akija bandani na kuuliza, mwenyekiti atajibu bila kukutafuta kwa macho.

Wewe mwanaume unayelea viongozi wa kike, kutaneni mahali pa wazi, mchana, na usipige simu usiku. Mtaa una macho, na jina likichafuka litakuwa lake kwanza. Kipindi cha uchaguzi, mkumbushe mwenyekiti kwamba yeye binafsi ana haki ya kuvaa fulana ya chama anachokitaka, ila kikundi kina wanachama wa vyama vyote na akiba yao iko pamoja.

Katiba ya kikundi ikisema uongozi ubadilike, saidia siku hiyo isipite kwa keki na picha tu. Makabidhiano yaandikwe: muhuri, madaftari, sanduku na funguo zake, nani sasa ni msimamizi wa grupu la WhatsApp. Benki itataka muhtasari wa kikao kilichochagua viongozi wapya ili ibadilishe watia saini; jambo hili likiachwa, mwenyekiti wa zamani ataendelea kuitwa kusaini miezi mingi baadaye, wakati mwingine akiwa keshahamia mkoa mwingine. Haya yakikamilika, muulize mwenyekiti mpya kama anataka mlezi, na kama mlezi huyo ni wewe. Akisema atakutafuta, mwachie namba yako.