Dokta, steji ya 3 ndo basi tena?

Swali: Shikamoo dokta, baba kakatwa kipande cha utumbo mpana, ripoti imeandika kansa steji ya 3, majirani wanasema tujiandae tu. Kweli?

Jibu: Marahaba mwanangu. Majirani nao! Steji ya 3 maana yake kansa imetoka kwenye utumbo ikafika tezi za limfu za jirani (vijitezi vya kinga ya mwili), ila haijaenda mbali, ingefika kwenye ini au mapafu ndo ingekuwa ya 4. Kidonda kikipona kwa kawaida anaanzishiwa kemo, yaani dawa za kansa, miezi 3 mpaka 6, kuua mabaki yasiyoonekana, na wengi wanapona kabisa. Kwenye kemo hiyo kuna dripu moja inaleta ganzi vidoleni, hata kushika chupa ya maji baridi inachoma kama sindano, akiona hivyo asivumilie, amwambie daktari wake aone kama dozi ipunguzwe.