Muswada utasafiri peke yake: shindano la michezo mifupi kutoka Tukuyu

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari hapa Tukuyu, na jioni nasimamia kikundi cha maigizo chenye wanafunzi na vijana wa mtaani. Kuna ukumbi mdogo Ujerumani unaoigiza kwa Kiingereza tu. Wametuomba tuendeshe shindano la kutunga michezo ya dakika kumi kwa mikoa ya Mbeya, Njombe na Iringa, kisha tuwapelekee mitatu iliyo bora waiigize huko. Nimeanza kuandika kanuni nikakwama. Tutawapimaje washiriki ambao Kiingereza chao hakilingani? Tutazuiaje upendeleo, maana huku tunajuana wote? Na haki za muswada zinabaki kwa nani?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kabla hatujagusa kanuni, nakuomba uwaze jambo moja. Michezo hiyo mitatu itakapofika Ujerumani, watunzi wake watakuwa huku huku. Katika maelezo yako sijaona nauli wala viza ya mtu. Kwa hiyo mwigizaji akikwama kwenye mstari hatakuwa na wa kumuuliza. Atakuwa na karatasi kumi mkononi, basi. Muswada utasafiri peke yake. Kila kanuni unayoiandika iulize swali hilo moja: je, inamsaidia mtunzi kuweka kwenye karatasi kile ambacho hatakuwepo kukieleza?

Nikupe mfano wa kwenu. Niliwahi kusoma muswada wa kijana mmoja wa Rungwe. Mke wa nyumba anapepeta mchele, anasikia kikohozi cha baba mkwe nje, anaacha ungo na kupotelea mlango wa nyuma. Maelekezo ya jukwaani yalikuwa maneno matatu: anatoka kwa haraka. Wewe wa Tukuyu umeshaelewa. Kwa mila ya Wanyakyusa mkwe wa kike humwepuka baba mkwe, hakutani naye uso kwa uso, na hiyo ni heshima. Mtu wa Ujerumani akiusoma ukurasa huo ataona mwanamke anayemkimbia mzee mkatili, na mchezo mzima utageuka kuwa habari ya kipigo.

Kijana yule alitaka kuongeza tanbihi. Nilimkatalia, kwa sababu watazamaji hawasomi tanbihi. Tulikaa, tukazungumza, akarudi baada ya wiki na kitu ambacho sijakisahau: ukurasa wa kwanza aliweka binti wa miaka sita anayecheza na mdoli wa magunzi. Mdoli ni baba mkwe, binti ni mke. Kila mdoli "anapokohoa" binti anajifunika kanga na kukimbia huku akicheka, na bibi yake anamsahihisha namna ya kuinama. Dakika moja tu, na mtazamaji wa popote duniani ameshafundishwa. Kikohozi cha kweli kinapokuja, ukumbi mzima unajua mama atafanya nini na kwa nini. Hiyo ndiyo kazi ninayotamani shindano lako liifanye, na haiwezi kufanyika kwa tangazo la kubandika ukutani. Tenga Jumamosi mbili kabla ya tarehe ya mwisho, moja Tukuyu au Mbeya mjini na nyingine Iringa au Makambako, washiriki waje na rasimu na wasomeane kwa sauti. Msikilizaji apewe kazi moja tu: kunyoosha mkono pale ambapo mtu asiye wa kwetu angepotea.

Sasa Kiingereza. Wasiwasi wako nauelewa, maana mtoto aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza atakuwa na sarufi safi, na yule wa shule ya kata huko Busokelo atakuwa na hadithi inayochoma moyo lakini vitenzi vimeparaganyika. Ukiweka alama za sarufi umeshamchagua wa kwanza hata kabla hujasoma. Mimi sarufi nisingeipa alama hata moja. Jaji ajiulize tu kama mstari unatamkika na unaeleweka ukisikika mara moja. Yanayobaki ni kazi ya mhariri baada ya uteuzi, akiwa amekaa na mtunzi, siyo peke yake.

Halafu fikiria wanaokaa kwenye viti huko. Kumbi za namna hii katika nchi zisizo za Kiingereza zina historia ndefu: Vienna's English Theatre ilianzishwa mwaka 1963 katika mji wa Austria unaozungumza Kijerumani, na English Theatre Frankfurt mwaka 1979. Wageni wanaofanya kazi huko huhudhuria, lakini wenyeji wengi pia huhudhuria, wakiwemo wanafunzi wa shule wanaojifunza Kiingereza kama wako. Kwa hiyo Kiingereza cha mtu ambaye alianza na Kinyakyusa, akaenda Kiswahili, ndipo akafika Kiingereza, kinakwenda kusikika mbele ya watu ambao nao walifika Kiingereza kwa kupitia lugha nyingine. Mwambie mshiriki wako hivyo waziwazi. Wengi huandika Kiingereza cha barua ya kuomba kazi kwa kuogopa kuchekwa, na wahusika wote wanaishia kuzungumza kama mwenyekiti wa kikao.

Kuna njia mbili zilizowahi kutumika na zinafaa kuigwa. BBC World Service na British Council waliendesha kwa miaka mingi shindano la kimataifa la michezo ya redio, na walikuwa na zawadi mbili kuu: moja kwa wanaozungumza Kiingereza kama lugha ya kwanza, nyingine kwa wale ambao kwao ni lugha ya pili. Kwenu wote ni wa pili au wa tatu, kwa hiyo huhitaji kugawa, lakini somo lipo: hata wenye lugha yao waliona si haki kuwapima wote kwa kipimo kimoja. Njia nyingine ni kuruhusu mtu atunge kwa Kiswahili kisha atafsiri mwenyewe. Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile kwa Kiswahili mwaka 1969, na mwaka 1970 ikatoka kwa Kiingereza, tafsiri ikiwa ni yake mwenyewe. Kanuni yako iseme tu kwamba tafsiri ya mtunzi inakubalika, na kwamba akisaidiwa na mtu, msaidizi atajwe.

Maneno ya Kinyakyusa, Kihehe, Kibena na Kiswahili yaruhusiwe bila kikomo cha idadi. Sharti ni lile lile: tendo lifafanue neno. "Kamwene" ikisemwa na mtu anayeingia mlangoni amenyoosha mkono, na mwenzake akaitikia, haihitaji mabano ya tafsiri.

Kuhusu upendeleo, kujuana hakuzuiliki, ila kunaweza kutenganishwa na usomaji. Chagua katibu mmoja ambaye hatasoma wala hatapiga kura. Yeye anapokea miswada, anaipa namba, na anaweka daftari la majina kabatini kwake. Majaji wanaona namba tu. Hapo watu wengi huishia, na ndipo siri inapovujia, kwa sababu faili la kompyuta lina taarifa zake za ndani: jina la aliyelitengeneza, wakati mwingine na la aliyelihariri mwisho. Vijana wako watachapia steshenari, kwa hiyo faili moja litaonyesha jina la mwenye duka, jingine la mjomba aliyeazima kompyuta yake ya ofisini. Jina la faili nalo huwa ni lile lile la mtunzi. Katibu afungue sehemu ya taarifa za faili, afute majina, alipe faili jina la namba, ndipo aligeuze kuwa PDF.

Tena mimi ningekwenda mbali zaidi: pokeeni hata daftari lililoandikwa kwa mkono, kamati ilichapishe. Mtoto wa Kitulo hana kompyuta, na bei ya kuchapa kurasa kumi inaweza kumzuia mtu mwenye mchezo mzuri kuliko wote. Mkichapa wenyewe, miswada yote inakuwa na sura moja na jaji hashawishiki na unadhifu. Ada ya kushiriki msitoze.

Majaji wawe sita, na kila muswada usomwe na wawili wasioulizana. Piga hesabu mapema. Miswada 60 ikisomwa mara mbili ni visomo 120. Kwa majaji sita kila mmoja ana 20. Kila kimoja kikichukua nusu saa pamoja na maoni, ni saa kumi za kazi kwa mtu. Mwalimu mwenye vipindi na daftari za kusahihisha anahitaji wiki tatu kwa hilo, siyo wikiendi moja. Wawili wakipishana sana, wa tatu asome. Na jaji akitambua mchezo wa mwanafunzi wake, maana utambuzi upo hata bila jina, aurudishe kwa katibu bila maelezo, apewe mwingine. Katika watu wanaojuana, mlango huo wa kutokea kwa heshima ni muhimu kuliko kiapo chochote.

Dakika kumi hupimwa kwa ukurasa mmoja kwa dakika: karatasi ya A4, herufi ukubwa wa 12, pambizo za kawaida, jina la mhusika kwenye mstari wake. Lakini usiuamini ukurasa peke yake. Mchezo wa majibizano mafupi hukimbia; wenye kimya na kazi za mikono, kama ule wa ungo, hurefuka. Kila mshiriki athibitishe kwamba umesomwa kwa sauti na saa ya simu ikiwa imewashwa. Waulize pia wenyeji wenu wana waigizaji wangapi, kwa sababu mchezo mfupi wenye watu tisa kwa kawaida huachwa hata ukiwa mzuri. Wahusika wawili hadi wanne, mahali pamoja, vifaa vinavyobebwa mkononi.

Tarehe ya mwisho iandike kwa saa zetu na uepuke usiku wa manane. Ukumbi ukikuambia mwisho ni 23:59 kwa saa za kwao, wakati wa baridi yao hapa Tukuyu ni saa 7:59 usiku, na siku imeshageuka. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao husogeza saa mbele, kwa hiyo inakuwa saa 6:59 usiku. Nimeona watu wakikosa shindano kwa mkanganyiko huo. Ninyi funga saa 12 jioni siku ya kazi, steshenari zikiwa wazi, na jiachie siku kumi kabla ya kutuma. Umeme ukikatika, siku kumi hizo zitakuokoa.

Kuna suala la programu za akili mnemba kuwatungia watu. Usijaribu kulikamata kwa programu nyingine. Watakaofika kumi bora, katibu awaombe rasimu za awali na awapigie simu kuwauliza kwa nini walichagua tukio fulani. Mtu aliyetunga atakueleza hadi umchoke.

Haki za muswada ndizo zinazonifanya nikose usingizi, kwa hiyo hapa nitakuwa mkali. Mwaka fulani nilikuwa jaji wa shindano ambalo kanuni yake ya kumi na moja, kwa herufi ndogo, ilisema miswada yote inayopokelewa ni mali ya waandaaji. Yote, hata iliyoshindwa. Vijana waliweka sahihi bila kusoma, na mimi nilikuwa sijasoma pia hadi mmoja alipokatazwa kuigiza mchezo wake mwenyewe shuleni kwake. Usikubali mstari huo hata ukumbi ukisema ndivyo wanavyofanya kila mwaka.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu kazi inapotungwa, bila kusubiri usajili, na ulinzi unaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kusajili COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya nchi yetu, husaidia kama ushahidi, siyo kama ndio unaozaa haki. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, tangu 1994, na Ujerumani imo pia, kwa hiyo ulinzi haukomei mpakani. Ukumbi unachohitaji ni ruhusa, hauhitaji umiliki. Andika ruhusa hiyo kwa maneno ya wazi: kuigiza kwa Kiingereza, katika ukumbi wao, idadi fulani ya maonesho, ndani ya miezi 12, bila kumzuia mtunzi kuutumia kwingine. Kurekodi na kurusha mtandaoni ni ruhusa nyingine, ina malipo yake. Hakuna kubadilisha mstari bila mtunzi kukubali kwa maandishi, hata kwa WhatsApp. Zawadi ni zawadi. Malipo ya maonesho yawe pembeni. Walioko chini ya miaka 18, mzazi au mlezi aweke sahihi, na umsomee kwa Kiswahili kabla hajaweka.

Gharama za kutuma fedha kutoka huko nani atazibeba, liandikwe. Na upite mapema kwa afisa utamaduni wa wilaya akuelekeze kuhusu vibali vya BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa.

La mwisho ni dogo ila nalipenda. Washindi wakishajulikana, kila mmoja arekodi kwa simu yake akitamka majina ya wahusika na kila neno la kienyeji lililomo, polepole, mara mbili. Mwigizaji wa Ujerumani hawezi kukisia jina kama Ambakisye kwa kulitazama tu. Msifanye hivyo kabla ya uamuzi, maana sauti inatambulika kuliko mwandiko. Na kwa hali ya hewa ya kwenu, rekodini asubuhi, kabla mvua haijaanza kupiga bati.