Kabla ya Kuhamisha Familia Kutoka Jangwani, Nenda Kwanza Ukanyeshewe

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja, mama wa watoto wadogo anayeishi jangwani kama nilivyoishi mimi, akinieleza kwamba yeye na mumewe wamechoka na vumbi, wamechoka kununua maji, na sasa wamepata nyumba katika eneo lenye misitu na mito. Aliambatanisha picha: ukuta mweupe, majani yaliyofika hadi kizingitini, kijito kikipita nyuma ya ua. Alitaka kujua kama watoto watazoea upesi. Nilimjibu kwa kumuuliza picha zile zilipigwa mwezi gani, naye akasema hajui, kwani alitumiwa na dalali. Kwa kuwa si mtu wa kwanza kunitumia picha za namna hiyo, nimeona jibu langu niliandike hapa kwa urefu.

Sisi tuliokulia mahali pasipopata hata milimita 250 za mvua kwa mwaka, kiwango kinachotumiwa mara nyingi kulitambulisha jangwa, tumefundishwa tangu utotoni kwamba maji ni kitu cha kutafutwa, kubebwa, kupimwa na kufunikwa. Ukihamia kwenye kijani, mafunzo hayo yanageuka juu chini, kwa maana kazi kubwa ya nyumba huko ni kuyatoa maji: kuyatoa juu ya paa, kwenye msingi, kwenye kuta, kwenye nguo, kwenye gunia la nafaka, na hata kwenye madimbwi ambamo watoto wako watataka kucheza. Ushauri wangu wote unatokana na jambo hilo, na kama huna muda wa kusoma zaidi, basi chukua huu: usikubali nyumba, wala shamba, wala shule, ambayo hujaiona katika mwezi wake wenye mvua nyingi kuliko miezi yote.

Mimi nilikwenda. Nasema hivyo kwa fahari kwa sababu wakati ule nilichekwa. Mume wangu alikuwa karibu kulipia nyumba iliyopendeza mno, iliyokuwa bondeni, nafuu kuliko zote tulizoonyeshwa, na mwenye nyumba alitushauri tuhamie wakati wa kiangazi barabara zikiwa kavu. Niliomba kwanza niende peke yangu msimu wa mvua. Shemeji yangu mkubwa alisema mbele ya watu kwamba mwanamke anayefunga safari kwenda kutazama mvua hana kazi nyumbani kwake, na watu wakacheka, na mume wangu naye akatabasamu kidogo, jambo ambalo ameliomba radhi mara nyingi nami bado nalikumbuka. Nilipofika nilikuta ukutani alama ya tope iliyonifika magotini, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula, na juu yake rangi mpya ilikuwa imeanza kubambuka. Mwenye nyumba alidai kwamba maji yalipanda mwaka mmoja tu. Bibi wa nyumba ya jirani, aliyekuwa amesimama barazani akitusikiliza, alisema, "Mwanangu, hapa maji hupanda kila mwaka, sisi vitanda vyetu tumevijengea matofali." Sikubishana na mtu. Nilipanda mlimani kutafuta nyumba nyingine, na hiyo ndiyo tunayokaa hadi leo.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 40, ambayo katika maeneo mengi ya kijani si ajabu kunyesha alasiri moja, litamwaga lita 3,200. Jangwani familia ya watu sita wanaobana matumizi ingeweza kuishi kwa maji hayo zaidi ya mwezi mzima. Huku yanashuka kwa saa mbili, na kesho yake yanashuka mengine. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye nyumba si kama nyumba ina maji, bali ni maji hayo yanakwenda wapi. Tazama kama paa limechomoza vya kutosha nje ya kuta, kama gata hazijatoboka, kama mtaro unaelekea mahali au unaishia uani, na kama sakafu imeinuliwa juu ya ardhi. Nyumba nyingi za jangwani zina mapaa bapa na kuta za udongo zinazozuia joto kwa namna ya kupendeza. Ukijenga kwa mazoea hayo kwenye mvua, ukuta wako utarudi kuwa tope.

Usidanganyike pia na jumla ya mvua ya mwaka. London hupata takriban milimita 600 zilizotawanyika katika miezi yote, ilhali Mumbai hupata zaidi ya milimita 2,000 na karibu zote hushuka kati ya Juni na Septemba. Miji yote miwili ni ya kijani machoni pa mtu wa jangwani, lakini maisha yake hayafanani hata kidogo. Uliza mvua inanyesha miezi ipi, na kwa nguvu gani. Na ukiwa huko, chimba shimo lenye kina cha magoti, lijaze maji, yakinywea lijaze tena, kisha urudi kesho yake: ukiyakuta maji bado yamesimama, ardhi hiyo haitakubali shimo la choo, na kama ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, utapasua na kuta zako pia. Watu walinitazama nikichimba wakadhani nimepotelewa na kitu.

Kufungasha mizigo na safari yenyewe sitavieleza, kwa kuwa havikuwa na lolote la ajabu isipokuwa uchovu.

Mwili ndio uliotushangaza. Tulikuwa tumetoka kwenye joto la nyuzi 40 tukidhani hakuna joto litakalotusumbua, kumbe jasho hupoza mwili kwa kukauka, na hewa iliyojaa unyevu hailikaushi, kwa hiyo nyuzi 30 za huku zilitulegeza kuliko 40 za kule. Kipoza hewa chetu cha maji, kile kinachopuliza upepo kupitia sponji lililolowa, tulichokitunza kwa miaka na kukibeba kwa uangalifu kuliko vyombo vya kioo, hakikufaa kitu. Kiliongeza unyevu juu ya unyevu. Kiuzeni mkiwa bado jangwani, kuna wanaokihitaji. Kwa upande mwingine midomo iliyokuwa ikipasuka ilipona, na mwanangu wa kiume aliyekuwa akitokwa damu puani kila msimu wa upepo hajatokwa tena.

Kisha kuvu zikaja. Unyevu wa hewa ndani ya nyumba ukizidi asilimia 60 kwa muda mrefu, kuvu hupata makao nyuma ya makabati, ndani ya viatu, kwenye mikoba ya ngozi na kwenye vitabu. Wadudu wadogo wa vumbi la nyumbani nao, wasioonekana kwa macho, hawastawi katika hewa kavu lakini hunawiri katika magodoro ya nyumba zenye unyevu. Binti yetu mdogo, ambaye jangwani hakuwahi kukohoa isipokuwa kwa vumbi, alianza kubanwa kifua usiku, na daktari akatuambia ni pumu. Tulihamisha kitanda chake kwenye chumba kinachopata jua la asubuhi, tukayasogeza makabati yote mbali na kuta kwa upana wa kiganja, tukawa tunafungua madirisha ya pande mbili ili upepo upite, na tukanunua kipima unyevu, kifaa kidogo kisicho na gharama kubwa ambacho sasa nakitazama kuliko saa. Anaendelea vizuri. Lakini mtoto wako akiwa tayari na pumu, zungumza na daktari kabla ya kutoa notisi ya nyumba, wala usimsikilize anayekuambia kwamba hewa ya kijani ni dawa, kwa sababu hewa ya kijani ina chavua, ina kuvu, na haina huruma kwa mgeni.

Chakula cha akiba nacho kinataka akili mpya. Jangwani gunia la mahindi hukaa ghalani bila kuulizwa, lakini huku mahindi yasiyokaushwa hadi unyevu wa takriban asilimia 13 huota kuvu zinazotoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Nilifundishwa kuweka nafaka kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, kuitikisa, na kuiacha itulie: chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, nafaka bado ni mbichi na irudi juani. Niliyefundishwa naye ni yule bibi wa bondeni, ambaye amekuwa rafiki yangu kuliko ndugu wengine ambao sitawataja.

Sasa nitasema kwa ukali kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wazazi wengi wa jangwani wanapofanya mzaha. Kama eneo unalohamia lina malaria, fahamu kwamba wenyeji unaowaona wakipata homa na kuamka kesho yake wamejenga kinga kiasi kwa kuugua tangu utotoni, na wewe huna kinga hiyo, wala mumeo mwenye nguvu zake hana, na watoto walio chini ya miaka mitano na wajawazito wako hatarini zaidi. Dalili kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, ndiyo maana familia hufika, hufurahi, hupiga picha, halafu wiki ya pili au ya tatu wote wanalala. Vyandarua vyenye dawa vitundikwe usiku wa kwanza, kabla ya mapazia na kabla ya televisheni, na homa yoyote ipimwe ndani ya saa 24, kwa maana aina mbaya ya malaria inaweza kumzidi mgonjwa kwa muda huo. Ukiweza kuchagua mwinuko, chagua. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mbu wa malaria hupungua pamoja nalo, ingawa utalipa kwa blanketi.

Na maji ya kuogelea. Mtoto wa jangwani akiona mto haoni hatari, anaona sikukuu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Wetu tuliwakataza kabisa kusogelea mto mpaka walipofundishwa kuogelea na mtu anayejua, na hata baada ya hapo tuliuliza kwanza kituo cha afya kama maji yale yana kichocho, kwa sababu konokono wanaokieneza hukaa katika maji matamu yaliyotulia, yaleyale yanayovutia kuchezea. Wazazi wenzangu, msione haya kuuliza. Kuonekana mshamba hakuui mtu.

Watoto walizoea upesi, kwa hiyo swali la msomaji wangu nalijibu kwa neno moja: watazoea. Aliyeshindwa kuzoea ni mama mkwe. Alikuwa ametumia maisha yake yote akitazama mbali, akijua mgeni anakuja tangu akiwa nukta, na hapa amezungukwa na miti pande zote. Aliniambia siku moja kwamba macho yake hayana pa kwenda. Shemeji alilisikia neno hilo akalitangaza kwa ukoo kwamba mimi ndiye niliyemwondoa mama yao kwenye makaburi ya wazee wake na kumfungia porini. Nitakiri jambo ambalo hawalijui: miezi ya kwanza mimi nami nililia, kwa kukosa jua, kwa kukosa usiku wenye nyota, nikiwa nimefunga mlango ili watoto wasinione. Dawa tuliyoipata ni kiti chake kuhamishiwa nyuma ya nyumba, pale mlima unapoteremka na bonde linaonekana lote, na kila mwaka anarudishwa kwao kwa msimu wa baridi kavu. Shemeji mwenyewe ametuletea wanawe wawili wasome huku. Maneno yake hajayafuta, nami chakula cha watoto wake sijakipunguza.

Kwa hiyo, unayepanga kuhama na mzee, tafuteni nyumba yenye upeo wa macho hata kama ina chumba kimoja pungufu, na nauli ya kumrudisha kwao iwekwe kwenye bajeti ya mwaka pamoja na karo. Na mpelekeni naye akaone mvua kabla ya kuhama, msimwambie tu.

Limebaki la matangi, kwa maana kiangazi kipo hata kwenye kijani, na hapo ndipo sisi watu wa jangwani tunapowazidi wenyeji. Wao hawaweki maji, kwa kuwa yatakuja tena. Sisi tuliweka tangi chini ya paa mwaka wa kwanza, wakatuuliza tunaogopa nini, na mvua zilipochelewa kijito kikakauka waliokuja na ndoo walikuwa walewale. Tuliwapa. Ukiweka lako, funika mdomo wake kwa wavu mwembamba ili mbu wasitage ndani, geuza bomba ili maji ya dakika za kwanza za kila mvua, yanayosafisha vumbi na kinyesi cha ndege paani, yamwagike nje, na maji ya kufurika uyaelekeze kwenye mtaro, yasirudi kwenye msingi.