Dada watatu, maikrofoni moja: majibu ya maswali yenu kuhusu Andrews Sisters

Niligusia hapa juzi habari za Andrews Sisters, ndugu watatu wa tumbo moja waliotamba Marekani enzi za muziki wa swingi, ile jazi ya kuchezea dansi: LaVerne, Maxene na Patty. Maswali yamemiminika. Nimechagua machache ambayo wengi wenu mmeyarudia.

Kwao ni wapi, na nani aliwafundisha kuimba? (Msomaji, Tanga)

Kwao ni Minneapolis, jimbo la Minnesota. Baba yao, Peter, alikuwa Mgiriki. Mama yao, Olga, alikuwa na asili ya Norwei. LaVerne alizaliwa 1911, Maxene 1916, Patty 1918. LaVerne alipiga piano na ndiye peke yake aliyejua kusoma noti. Wadogo zake walidaka kwa sikio. Mwalimu wao mkubwa alikuwa redio. Walisikiliza, wakaiga, wakarudia mpaka ikakaa. Wakiwa bado wasichana wadogo walishaanza kuzunguka na vikundi vya maonyesho, mji hadi mji, miaka mingi kabla mtu hajawajua.

Je, ni kweli waliiga kundi lingine? (Msomaji, Nairobi)

Kweli kabisa, na wenyewe hawakuwahi kuficha. Waliwaiga Boswell Sisters wa New Orleans: Martha, Connee na Vet. Naomba nikae hapa kidogo, maana akina Boswell wamesahauliwa kuliko wanavyostahili.

Walilelewa na muziki wa kusoma: Martha piano, Connee selo, Vet fidla. Lakini New Orleans haikuachi na noti za kitabuni tu. Walikua wakisikia jazi na bluzi za wanamuziki weusi wa mji ule, na vyote viwili vikaingia kwenye sauti zao. Walirekodi mara ya kwanza mwaka 1925, na kuanzia 1931 wakawa New York wakirekodi na wapigaji hodari kama ndugu wa Dorsey. Connee, aliyetumia kiti cha magurudumu tangu utotoni, ndiye aliyekuwa kichwa katika kupanga nyimbo. Walichukua wimbo wa kawaida wa mapenzi wakauvunja: katikati mwendo unapungua ghafla, wimbo wa furaha unageuka wa huzuni, halafu unachomoka mbio tena. Wakati mwingine waliimba kwa lugha yao ya kificho, wakipachika silabi katikati ya maneno, jamaa ya kinyume chetu cha utotoni.

Ella Fitzgerald, malkia wa uimbaji wa jazi, alipopanda jukwaa la ukumbi wa Apollo kule Harlem, New York, mwaka 1934 kushindana, aliimba akimfuata Connee. Huo ndio uzito wao. Mwaka 1936 wakaacha kurekodi pamoja, wote watatu wakiwa wameolewa. Mwaka uliofuata nafasi ile ikajazwa na mabinti wa Minneapolis.

Shikamoo. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya. Tuko watatu na kila mmoja anataka asikike. Wao walifanyaje mpaka sauti zikawa kama moja? (Mwanakwaya, Moshi)

Marahaba, mwanangu. Swali hili limenifurahisha kuliko yote.

Damu ilisaidia. Waliokua nyumba moja hutamka sawa, na irabu zikifunguka sawa, sauti hushikana bila kulazimishwa. Lakini damu peke yake haitoshi. Angalia mpangilio wao: Patty anashika wimbo wenyewe, Maxene yuko juu yake, LaVerne chini kabisa. Wamesogeleana, vichwa karibu vigusane, mbele ya maikrofoni moja. Siku zile wimbo ulichongwa papo hapo kwenye sahani ya nta, bendi na waimbaji kwa pamoja. Hakuna fundi ambaye angekuja baadaye kumpandisha mmoja na kumshusha mwingine. Ukizidisha sauti, unarudi nyuma nusu hatua. Ukikosea, wote mnaanza upya.

Kwa hiyo walijifunza kusikilizana kwanza, kuimba baadaye. Sikiliza mwisho wa neno lolote: konsonanti inafunga mara moja, si mara tatu. Pumzi inakatwa mahali pamoja. Ndiyo maana wakienda mbio husikika kama tarumbeta tatu. Jaribuni mazoezi yenu jioni moja bila maikrofoni kabisa, mkiwa mmesimama bega kwa bega. Anayeshindwa kumsikia mwenzake ndiye apunguze.

Walipata pesa kweli? (Msomaji, Kampala)

Baadaye walipata, na nyingi. Ila wimbo uliowatoa, "Bei Mir Bist Du Schön", waliurekodi kwa kampuni ya Decca Novemba 1937 kwa dola 50 bila mrabaha, yaani bila fungu lolote la mauzo. Ukauza sana.

Aliyenisikitisha zaidi ni mtunzi wake. Sholom Secunda aliutunga mwaka 1932 kwa ajili ya mchezo wa jukwaani wa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kisha yeye na mwandishi wa maneno wakauuza kwa dola 30. Wengine wakavuna. Haki zilimrudia mwaka 1961, karibu miaka thelathini baadaye.

Na si yeye pekee. "Rum and Coca-Cola", wimbo wao uliotikisa Marekani mwaka 1945, asili yake ni kalipso, muziki wa visiwa vya Karibiani, ya mwimbaji Lord Invader wa Trinidad. Mchekeshaji mmoja wa Kimarekani aliubeba kutoka kisiwani akauandikisha kwa jina lake. Lord Invader alikwenda mahakamani New York, akashinda. Dada hawa hawakuuiba wao. Lakini nikiusikia siku hizi namfikiria yeye kwanza, na nadhani ndivyo inavyopasa.

Wakati wa vita walifanya nini? (Msomaji, Muscat)

Waliimbia wanajeshi kambini, hospitalini na ng'ambo. "Boogie Woogie Bugle Boy" ilitoka mapema 1941, hata Marekani haijaingia vitani.

Kuna tukio la Naples, Italia, Agosti 1945. Ukumbi umejaa askari wanaosubiri kupelekwa Pasifiki kupigana na Wajapani. Nyuso zimewashuka. Katikati ya onyesho Patty anapewa kikaratasi akisome. Alidhani ni mzaha. Akasoma: vita na Japani vimekwisha. Kimya. Hakuna aliyeamini. Ikabidi arudie kwamba ni kweli, hawaendi tena. Ndipo ukumbi ukalipuka.

Kwa nini walitengana? (wengi)

Patty alitaka kuimba peke yake, na inasemekana dada zake walizisoma habari hizo magazetini. Kukawa na ugomvi wa urithi baada ya wazazi kufariki. Walirudiana 1956, lakini LaVerne akafa kwa saratani mwaka 1967. Maxene alifariki 1995, Patty 2013 akiwa na miaka 94. Mengine ni ya familia, sitayachimba.

Nianze na wimbo gani? (Msomaji, Bujumbura)

"Bei Mir Bist Du Schön", mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza mfuate Patty, maana sikio litamfuata tu upende usipende. Mara ya pili panda juu na Maxene. Ya tatu mtafute LaVerne kule chini. Utampata kwa shida, na pengine utahitaji kufumba macho.