Uliza Tukujibu: Tumestaafu, tunataka kwenda na baiskeli kutoka Pittsburgh mpaka Washington tukilala kwenye tenti

SWALI: Habari yako kaka. Mimi na mzee wangu tumestaafu wote, yeye ana 67 mimi 64, tunakaa Columbus, Ohio. Baiskeli tunaendesha jumamosi jumamosi tu hapa mtaani. Sasa tumesikia kuna njia inatoka Pittsburgh mpaka Washington, haina magari, na watu wanalala njiani kwenye tenti. Watoto hawataki hata kusikia, wanasema tumezeeka na tutaliwa na dubu. Mume wangu ana nguvu kuniliko, mi mlima ukiwa mkali magoti yanauma. Tunaweza kweli? Na tuanzie upande gani?
Mama wa Wajukuu, Columbus

JIBU: Salama dada, msalimie sana shemeji. Mnaweza. Nasema hivyo nikiwa naijua hiyo njia, mimi na mke wangu tumeipita tukiwa tumeshastaafu kama nyinyi, na mpaka leo tukikaa jioni ndo stori yetu.

Mjue kwanza kwamba ni njia mbili zinakutana Cumberland, Maryland. Ya kwanza inaitwa Great Allegheny Passage, maili 150 yaani kama kilomita 240, zamani ilikuwa reli, na treni ya mizigo haiwezi kupanda mlima mkali kwahiyo waliojenga walitoboa milima wakaweka mahandaki na madaraja marefu ili reli ipande taratibu, nyinyi leo mnafaidi kazi yao. Ya pili ni C&O Canal, yaani mfereji wa Chesapeake na Ohio, maili 184 na nusu, kutoka Cumberland mpaka Georgetown palepale Washington. Huu ni mfereji wa maboti ulioanza kuchimbwa 1828 ukafika Cumberland 1850, nyumbu walikuwa wanatembea pembeni wanavuta boti kwa kamba, basi njia ya nyumbu ndo mtakayopita. Ilibaki kidogo ipotee kabisa, kulikuwa na mpango wa kupitisha barabara ya magari pale, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani William O. Douglas akaupinga, mwaka 1954 akautembea mfereji wote kwa miguu akiwa na waandishi wa habari, na 1971 ikawa hifadhi ya taifa. Mimi huyo mzee namshukuru sana.

Anzieni Pittsburgh. Kutoka pale mnapanda lakini pole pole mno, mpaka sehemu inaitwa Eastern Continental Divide, futi 2,392 juu ya usawa wa bahari, mvua ikinyesha pale maji ya upande mmoja yanaishia Ghuba ya Mexico na ya upande wa pili Atlantiki. Mkishapita hapo ni mteremko maili kama 24 mpaka Cumberland, hakikisheni breki ziko sawa tu, alafu mfereji nao unateremka mpaka mwisho. Anayetokea Washington hizo maili 24 anazipanda, tena ameshachoka, kwa magoti yako sikushauri kabisa. Na msiende baridi, handaki la Big Savage lina urefu wa karibu kilomita moja na majira ya baridi linafungwa milango. Mwezi wa tano au wa tisa ni mzuri.

Sasa hili la shemeji kuwa na nguvu kukuliko ndo nataka niliseme vizuri, maana safari za wastaafu nyingi nimeona zinaharibikia hapa, siyo kwa dubu. Mwenye nguvu anatangulia, anasimama mbele anakusubiri, wewe ukifika tu yeye ameshapumzika anaondoka tena, kwahiyo wewe hupumziki siku nzima, ikifika siku ya tatu hamuongeleshani. Fanyeni hivi: wewe uwe mbele, yeye nyuma, mwendo ni wako. Tenti, jiko la gesi na maji abebe yeye, wewe beba slipingi begi na nguo. Na kila asubuhi wewe ndo useme leo tunaishia wapi, maili 25 au 30 zinatosha sana, wapo watakaowapita wakiwa wanakimbiza maili 60, waacheni waende. Shemeji akisoma hapa naomba asinune, mimi nimeoa, najua ninachosema.

Uzuri mfereji wenyewe umepangwa kwa watu wa mwendo huo. Kila baada ya maili tano mpaka saba hivi kuna sehemu ya kupiga tenti kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, hulipi kitu, anayewahi ndo anapata, na mnalala usiku mmoja tu pale. Mtakuta meza, sehemu ya kuwasha moto, choo na pampu ya maji ya mkono, maji yametiwa dawa ya ayodini kwahiyo yana ladha kidogo, na miezi ya baridi pampu zinafungwa. Maduka ndo tabu. Kati ya Cumberland na Hancock ni maili kama 60 na vijiji vya kununua kitu ni vichache mno, mtoke Cumberland na chakula cha siku mbili. Mvua ikinyesha ile njia inakuwa tope, tairi nyembamba za mjini ziacheni nyumbani, wekeni za milimita 40 au zaidi. Mkichoka na tope, karibu na Hancock kuna njia ya lami inaitwa Western Maryland Rail Trail inaenda sambamba na mfereji, hamieni huko mpumzishe mikono.

Dubu weusi wapo kweli lakini mara nyingi wanakimbia watu, nyinyi msilale na chakula ndani ya tenti, basi. Muwaogope kupe, wale wanaleta ugonjwa wa Lyme, kila jioni mkaguane mwili mzima, nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Na watoto waambieni hivi: njia zote mbili zina vibao vya maili, mtu akianguka unapiga 911 unataja namba ya maili wanajua mlipo. Ila mtandao unakatika sana maeneo ya Paw Paw, kati ya Cumberland na Hancock, kwahiyo ramani ya karatasi muhimu, na wakubaliane na nyinyi kabisa kwamba siku hiyo simu zisipopatikana wasipige kelele. Dawa za presha au sukari gaweni mifuko miwili, kila mtu abebe ya mwenzake kidogo, begi likidondoka mtoni msikwame.

Jambo moja msilipite, Harpers Ferry. Ni mji ng'ambo ya mto Potomac, ule unaopita pembeni ya mfereji, upande wa West Virginia, mnavuka daraja la waenda kwa miguu lina ngazi, mnaweza mkafunga baiskeli chini. Pale ndo John Brown alivamia ghala la silaha la serikali 1859 akitaka watumwa wapate uhuru, na 1906 msomi mweusi W.E.B. Du Bois na wenzake wa kundi la Niagara Movement walikutana hapohapo kudai haki za watu weusi. Kaeni siku nzima.

SWALI: Kaka, sisi ni wazee tunatoka Dar kuja kumuona binti yetu Maryland. Tenti hatuiwezi, mgongo. Kuna namna ya kuonja hiyo safari hata siku mbili?
Babu na Bibi, Kigamboni

JIBU: Ipo, tena nzuri mno. Pembeni ya mfereji kuna nyumba za mawe na mbao walizokuwa wanakaa walinzi wa milango ya maji, ile ya kupandisha na kushusha boti, na familia zao, na baadhi zinakodishwa kwa usiku kupitia mpango unaoitwa Canal Quarters. Nyingine zina umeme na maji, nyingine hazina hata kimoja, kwahiyo binti asome vizuri kabla hajalipa, achague yenye choo ndani. Njia yenyewe ni tambarare, mkiamka mnaendesha maili chache tu mpaka Great Falls mnaangalia maporomoko ya Potomac, mnarudi kula. Wikiendi za mwezi wa kumi majani yakibadilika rangi zinajaa mapema, mwambieni aweke nafasi kabla hamjakata tiketi ya ndege.